Alama Nyekundu Kwenye Hadubini

Lenzi ya mafuta kwenye hadubini hufutwa kwa karatasi yake maalumu, taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni. Haifutwi kwa pindo la koti, wala kwa mate, wala kwa kanga ya mgonjwa. Nalitanguliza hili kwa sababu nimewaona, wadogo zangu, na kwa sababu katika mwaka wangu wote wa kwanza kazini sikuruhusiwa kuifuta lenzi hiyo hata mara moja. Aliruhusiwa mwingine. Mengi nitakayoandika yanaanzia hapo.

Mliponiaga mlinitaka niandike nilivyopanda vyeo. Hadithi hiyo sina. Ngazi ninazozijua ni zile kumi na nane za kutoka kwenye duka la vitenge hadi mlangoni pa maabara yetu, na nilizipanda mpaka goti lilipokataa. Nitaandika juu ya watu wawili walionifundisha kazi, na juu ya chupa moja ya rangi.

Nilifika Kariakoo miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Wazazi wenu watakuwa wamewasimulia foleni za sabuni. Mimi nilikuta foleni zimekwisha na kila kibaraza kimeota redio kaseti, raba na marashi ya Dubai, na watu wakitembea wanashangaa kama walioamshwa. Baba mdogo wangu, Mchaga aliyetangulia kushuka mjini, alikuwa na duka la jumla la vyombo Mtaa wa Sikukuu na alinitaka nisimame kaunta. Nilikuwa na cheti cha maabara, nimekiweka ndani ya nailoni ili kisiingie unyevu. Sikuwa tayari kuuza sufuria. Hospitali na maabara za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa tena, na nikasikia kuna Mhindi mmoja, fundi mzee wa maabara, amefungua chumba juu ya duka la vitenge na anatafuta mtu.

Huyo ndiye Mzee Jayanti. Mzaliwa wa Kisutu, shati jeupe la mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni, na Kiswahili cha mjini kuliko changu kilichokuwa bado kina harufu ya mlima. Cheti changu hakukigusa. Alinipa slaidi ya damu akasema, "Soma." Nikasoma dakika mbili, nikasema hakuna vimelea vya malaria.

"Umetazama fildi ngapi?"

Fildi ni lile duara unaloliona kwenye hadubini kila unaposogeza slaidi kidogo. Nikasema kama ishirini hivi.

"Kijana, mgonjwa amekupa fildi mia," akasema. "Themanini zake umempelekea nani?"

Nikarudia. Kwenye fildi ya sitini na kitu nikamkuta kimelea mmoja, ametulia kama mpangaji aliyelipa kodi yake. Mzee hakucheka. Aliniambia nije kesho saa moja.

Mtu wa pili alikuwa ameshafika miezi mitatu kabla yangu. Mwanaidi, binti wa Buguruni, kidato cha nne tu, hana cheti chochote. Kila alichokijua alifundishwa na mzee pale pale mezani. Yeye ndiye aliyekuwa akifuta lenzi. Nilimwuliza mzee kwa nini, akasema mkono wake ni mwepesi. Nikautazama mkono wangu siku nzima.

Nitasema wazi, kwa kuwa sasa sina cha kupoteza: nilimwonea wivu Mwanaidi tangu wiki ya kwanza, na ulikuwa wivu wa kuamka nao. Nilikuwa natumia mashine ndogo ya kubonyeza, ya nje, niliyoinunua kwa taabu ili nihesabie fildi. Yeye alihesabu kwa tasbihi. Kila fildi, punje moja. Zikiisha tisini na tisa, akishika ile punje kubwa ya mwisho ilikuwa mia. Nilimwambia hiyo ni kuchanganya dini na kazi.

"Kaka Aika," akanijibu bila kuinua jicho kwenye hadubini, "tasbihi ni ya kuhesabia. Na mimi hapa nahesabu."

"Unahesabu vimelea, husomi uradi."

"Mungu kaumba kimelea, kaumba na jicho la kumwonea. Mimi sijaona ugomvi. Ugomvi unao wewe."

Mzee Jayanti, aliyekuwa akiandika majibu, akatabasamu. Tabasamu lile lilinichoma kuliko maneno. Adhuhuri ikifika Mwanaidi alikuwa akitandika mkeka wake stoo, katikati ya maboksi ya sindano, anaswali, anarudi na kuendelea na fildi ya arobaini na moja alipoishia. Hakuna mlango uliofungwa wala kufunguliwa ndani yake. Mimi nilikuwa mwimbaji wa besi kanisani, Mlutheri wa kuzaliwa, lakini chuo kilikuwa kimeniharibia kitu ambacho sikukitangaza nyumbani. Jumapili niliimba nikiwa sisadiki, Jumatatu nilivaa koti jeupe nikiwaona wanaosadiki kuwa ni watoto. Nikimtazama yule binti, mzima kama yai, nilikuwa nataka nimwibie kitu ambacho hata jina lake sikulijua.

Sasa nije kwenye Dasara. Wahindi wana siku moja kwa mwaka ambayo hupumzisha vyombo vya kazi na kuviombea. Mwenye cherehani huombea cherehani, mwenye lori huombea lori. Mzee Jayanti aliombea hadubini. Asubuhi hiyo haikuguswa hadi saa sita. Aliitoa kwenye sanduku lake la mbao, akaivisha uzi wa maua ya rangi ya machungwa, akachovya kidole kwenye unga mwekundu na kuiweka alama ndogo kwenye shina, juu kidogo ya kitako. Akasimama mbele yake viganja vimekutana. Mwanaidi hakushiriki, ila alikuwa amefagia chumba mapema na kukaa kimya mlangoni mpaka mzee amalize. Wagonjwa walisubiri ngazini.

Mara ya kwanza nilipoyaona hayo sikuweza kujizuia.

"Mzee, hiki ni chuma na kioo. Kimetengenezwa Ujerumani. Hakisikii."

"Najua hakisikii," akasema. "Na wewe Jumapili ukiinamisha kichwa, unaliinamia benchi la mbele?"

Mwanaidi akacheka, kisha akajiziba mdomo kwa mtandio. Nikatoka nje nikaenda kunywa chai.

Mwaka uliofuata, wiki ile ile ya Dasara, ndiyo niliyoharibu kazi. Mwanaidi alikuwa msibani Buguruni, amefiwa na shangazi yake, na jicho la kulia la mzee lilikuwa limeanza kupata ukungu, kwa hiyo slaidi zote zilinijia mimi. Nilifurahi. Nilitaka arudi akute maabara inakwenda bila yeye.

Ile rangi tunayotumia kupaka damu ili vimelea vionekane, mnajua, huchanganywa na kuchujwa kwa karatasi kila asubuhi. Isipochujwa hufanya utando juu, unang'aa kama mafuta kwenye dimbwi, na vipande vyake vikishuka kwenye slaidi huwa vidoa vya zambarau ambavyo jicho lenye haraka huviita malaria. Kuchuja huchukua dakika ishirini. Siku iliyofuata Dasara foleni ilikuwa imefika mtaani, kwa sababu asubuhi ya jana yake hatukupima. Sikuchuja. Siku ya pili sikuchuja tena, kwa kuwa ya kwanza haikuniletea shida. Nilikuwa napata malaria nyingi ajabu. Nilijisifu kuwa ni kwa sababu ya jicho langu.

Mmoja wa waliopimwa alikuwa Mama Hadija, muuza vitumbua wa kona ya Mnazi Mmoja. Nilimwandikia malaria. Akameza dawa, homa haikushuka, akarudi, nikamwandikia malaria nyingi zaidi. Daktari wa zahanati ya jirani akamtundikia kwinini. Siku ya tano akaja akiwa ameshikwa mkono na mwanawe.

"Kaka, hizi dawa zenu zinaniua," akasema kwa sauti kubwa, ya mtu asiyejisikia mwenyewe. "Masikio yanalia kama redio iliyokosa stesheni. Na homa ipo pale pale."

Daktari alimpeleka hospitali kubwa, wakakuta homa ya matumbo, na katika damu yake hakuna malaria hata moja. Alipona, lakini ilichukua muda, na sikio moja halikurudi sawasawa. Kwa miaka mingi nilimwona pale kona, mteja akisema "nne" anageuza kichwa kumpa sikio zima. Sikuwahi tena kununua vitumbua vyake. Nilipita upande wa pili wa barabara.

Daktari alipoleta habari, Mwanaidi alikuwa amerudi siku hiyo hiyo. Mzee Jayanti alizitoa slaidi za wiki nzima kwenye sanduku, akaziweka mezani, akaniuliza kwa upole kabisa, "Aika, rangi ulikuwa unaichuja?"

Nikasema, "Kama kawaida, mzee."

Neno lilinitoka hivyo, jepesi, kama salamu. Sijui kama ningelisema kama Mwanaidi asingekuwa amesimama pale na karatasi ya lenzi mkononi. Kukiri mbele ya mzee ningeweza. Mbele yake yeye, la.

"Basi nini kimeingia?" mzee akauliza, na safari hii alijiuliza mwenyewe.

Macho yangu yakaiona alama nyekundu kwenye shina la hadubini.

"Mzee, usinifikirie vibaya," nikasema. "Siku ya Dasara hapa mezani palimwagwa unga. Unga hupeperuka. Ukiingia kwenye chupa ya rangi, au kwenye lenzi, tutajuaje?"

Chini muuza vitenge alikuwa akibishana na mteja, na tulisikia kila neno. Nilingoja mzee akasirike, kwa maana angekasirika ningepata nguvu ya kubishana naye. Hakukasirika. Alivuta chupa ya spiriti, akalowesha pamba, akaifuta ile alama mpaka pamba ikawa nyekundu.

"Kama ibada yangu imemdhuru mgonjwa," akasema, "haina nafasi humu ndani."

Akaenda kunawa. Mwanaidi alinitazama kwa muda, akachukua slaidi mbili za Mama Hadija akaziweka mfukoni mwa koti lake. Mimi nilikwenda kwenye sinki na ile chupa. Utando ulikuwepo juu, unang'aa. Niliimwaga, nikaiosha mara tatu, nikachanganya nyingine, na hiyo nikaichuja vizuri kuliko nilivyowahi kuchuja chochote maishani.

Tangu hapo Mzee Jayanti hakuiombea tena hadubini pale maabara. Ila kila mwaka, siku moja kabla ya Dasara, aliniuliza. Alikuwa akiniita mezani kwake, anavua miwani.

"Aika, mwaka huu unaonaje? Tuweke alama, tusiweke?"

"Tusiweke, mzee. Usafi kwanza."

"Haya."

Miaka sita, mara sita. Swali lile lile, jibu lile lile. Nilidhani ni unyonge wa uzee, mtu anayeomba ruhusa ya kitu chake mwenyewe. Nitawaambia ubaya wangu wote: lilinifurahisha. Niliona kwamba hatimaye kuna jambo moja ananiuliza mimi, hamwulizi Mwanaidi.

Maabara ikakua. Zikaja mashine, vikaja vile vipimo vya haraka vya mistari miwili ambavyo nyinyi mnavipenda kwa kuwa havihitaji shingo kuuma. Mwanaidi alikwenda chuo akiwa na watoto wawili, akarudi na cheti kizuri kuliko changu, na mzee alipochoka alimwachia funguo. Kwa ndani nilikuwa nasaga meno. Siku aliyokwenda Hijja nilimsindikiza uwanja wa ndege pamoja na wenzangu, na niliporudi nikaikuta tasbihi yake juu ya meza. Nikaihesabu. Tisini na tisa, na ile kubwa.

Mzee alipofariki tulikwenda mimi na Mwanaidi, tukasimama nyuma ya ndugu zake pale wanapochomea miili yao. Wiki moja baadaye binti yake alikuja maabara na lile sanduku la mbao. Akauliza, "Aika ni yupi?" Akanikabidhi. Baba yake alikuwa ameacha neno kwamba hadubini ile ya Kijerumani iende kwa Aika.

Sijawahi kufurahi vile tena. Nilipanda teksi, jambo nisilolifanya, nimelipakata sanduku hadi nyumbani. Nikaliweka sebuleni kwenye kabati la kioo. Kila mgeni alionyeshwa. Mke wangu alisema nikiendelea nitaivisha maua. Kwa zaidi ya miaka ishirini nililala nikijua kwamba Mwanaidi alipewa funguo, lakini mimi nilipewa moyo wa mzee.

Sasa mnaikumbuka sherehe mliyonifanyia. Keki, risala, na saa ya ukutani, ambayo nashukuru ingawa sijui mtu aliyestaafu anahitaji saa ya nini. Mlipoondoka nilibaki kukusanya vitu vyangu, na Bi Mwanaidi akaja stoo, akaketi juu ya boksi. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa. Ndani mlikuwa na slaidi tatu za zamani.

"Hizi mbili ni za Mama Hadija," akasema. "Hii ya tatu tuliitengeneza mimi na mzee, jioni ile ile ulipotoka. Damu yangu mwenyewe, rangi mpya iliyochujwa, na unga wake wa Dasara tukaunyunyiza ndani. Alitaka ajue."

"Akaona nini?"

"Kwa jicho lake zima alitazama fildi mia. Punje za unga zilikuwa kubwa na nyekundu tu, mtoto wa shule asingekosea. Kisha akatazama za Mama Hadija, akasema, huu ni utando. Rangi haikuchujwa."

Nikakaa chini. Boksi likabonyea.

"Kwa hiyo alijua. Tangu siku ile ile."

"Siku ile ile."

"Na akaacha ibada yake?"

"Nilimwambia arudishe, kwa kuwa haina kosa. Akasema, 'Nikirudisha bila yeye kusema, atajua nimemkamata, na mtu aliyekamatwa hujifunza kuficha vizuri zaidi. Nitakuwa namwuliza kila mwaka. Atasema.' Akawa anakuuliza."

Mara sita. Usafi kwanza, mzee.

"Na hadubini?" nikauliza. "Kwa nini akanipa mimi?"

Bi Mwanaidi alikunja karatasi yake polepole kabla ya kunijibu.

"Alipoanza kuumwa aliniambia, 'Wewe nimekufundisha ukaelewa. Aika sijammaliza. Mpelekeeni hadubini, labda yenyewe itamwuliza.'"

Mtasema kwamba hapo niliona aibu. Aibu ilikuja, na bado ipo, lakini haikutangulia. Kilichotangulia, katika umri huu, na mvi hizi, kilikuwa ni ule ule wivu wa Kariakoo ya zamani: kwamba alimwambia yeye. Kwamba jioni ile walikaa wawili mezani, Mhindu na Mwislamu, wakapima unga wa ibada kwa hadubini bila kuogopa jibu, na mimi, mtu wa sayansi, nilikuwa nimeshamwaga ushahidi kwenye sinki. Mkiniuliza kama dini na sayansi vinaweza kukaa chumba kimoja, mimi nilivikuta vinakaa, kwenye chumba cha hatua tano kwa nne. Aliyekosa pa kukaa nilikuwa mimi.

"Miaka yote hii ulijua," nikamwambia. "Mbona hukusema?"

Akasimama, akajifunga mtandio.

"Kaka Aika, haikuwa rangi yangu."

Akashuka kwenda kuswali alasiri.

Jana nimeitoa hadubini kabatini. Kwenye mfereji mwembamba pale shina linapokutana na kitako, mahali pamba ya spiriti isipofika, kuna unga mwekundu umebaki, kiasi cha kuchafua ncha ya sindano. Sikuufuta. Nimeifuta lenzi peke yake, kwa karatasi yake, kutoka katikati kwenda pembeni, kisha nimeketi mbele yake na kulisema kwa sauti lile nililoulizwa mara saba. Mke wangu alichungulia kutoka jikoni kuona naongea na nani.

Ilikuwa rangi yangu, mzee. Sikuichuja.